Mwalimu Enoch Sontonga na Daftari Lililopotea

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa walimu wa kwaya, wainjilisti na kamati za sharika waliokutana Sale, Wilaya ya Ngorongoro. Tunayachapa kwa ajili ya sharika ambazo hazikuweza kuleta wajumbe, na kwa marafiki wanaotuunga mkono.)



Tunawashukuru kwa kutupokea. Wengine mmetembea tangu alfajiri kutoka Samunge, Digodigo na kwingineko. Sisi tuliotoka mjini tumepita Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero, tukapanda ule mlima wenye kona nyingi. Kwa hiyo kila mmoja amefika na vumbi lake, na hakuna wa kumcheka mwenzake.

Asubuhi ya leo, tulipokuwa tunakunywa chai, watoto wa shule walikuwa mstarini wakiimba wimbo wa taifa. Tukawauliza wenzetu waliokuwa mezani: wimbo huu ulitungwa na nani? Mmoja akajibu kwamba ni Mwalimu Nyerere. Mwingine akasema ni wimbo tulioachiwa na Waingereza. Wa tatu, ambaye ni mwalimu wa kwaya kwa miaka mingi, akasema, "Simjui, ila aliyeutunga alijua kupanga sauti."

Huyu wa tatu alikaribia ukweli kuliko wote. Aliyeutunga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na mwalimu wa kwaya, kama wengi wenu mlioketi hapa. Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Leo tunaomba kuwaeleza habari za maisha yake, kisha tuwaombe jambo moja.

Kijana wa Uitenhage

Enoch Sontonga alizaliwa karibu mwaka 1873 huko Uitenhage, katika Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini. Alikuwa wa kabila la Waxhosa. Alipata mafunzo ya ualimu katika chuo cha Lovedale, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kipresbiteri kutoka Scotland na kufunguliwa mwaka 1841. Chuo hicho kilitoa walimu, wachungaji, wachapaji na waandishi wengi wa kwanza wa Kiafrika katika nchi ile.

Baada ya mafunzo alipelekwa mbali na kwao, kwenye shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, kandokando ya Johannesburg. Upande ule ndiko baadaye ulikokuja kukua mji wa Soweto. Alifundisha huko kwa miaka ipatayo 8, akaongoza kwaya ya shule, na akawa mhubiri msaidizi asiye mchungaji. Alipenda pia kupiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, nao wakajaliwa mtoto wa kiume.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Hakuwa na cheo, wala hakusoma muziki ng'ambo. Alifundisha mchana, na baada ya masomo akafundisha kwaya. Kwaya ilipokosa wimbo wa kuimba, alitunga.

Miaka aliyoishi

Ni vema tukumbuke wakati wenyewe ulivyokuwa. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa katika eneo la Johannesburg mwaka 1886, na maelfu ya wanaume walikuwa wameacha mashamba yao kwenda kuchimba chini ya ardhi kwa ujira mdogo. Familia zilitengana. Mwalimu wa shule kandokando ya mji ule aliona watoto wa watu hao kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa Ngorongoro watalielewa haraka. Ule ugonjwa wa sotoka uliomaliza ng'ombe wa Wamasai mwanzoni mwa miaka ya 1890 haukuishia huku kwetu. Ulishuka kusini, ukavuka mto Zambezi mwaka 1896, na mwaka 1897 ukawa unaua ng'ombe katika nchi ya Waxhosa. Mwaka huohuo wa 1897 ndipo Mwalimu Sontonga alipotunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Hatusemi kwamba aliutunga kwa sababu ya sotoka. Tunasema kwamba waliouimba mwanzo walikuwa watu waliokwisha kupoteza vitu vingi, na yeye alijua anawatungia nani. Nyimbo zake nyingi zinakumbukwa kuwa zilikuwa za huzuni. Huu ulikuwa na huzuni ndani yake pia, lakini uligeuka kuwa ombi.

Aliutunga kwa ajili ya watoto wa shule yake. Aliandika kwa Kixhosa ubeti wa kwanza na kiitikio, na tuni akaiandika kwa nota za solfa, zile za do, re, mi. Nota hizo zilienezwa katika karne ya 19 na mchungaji mmoja Mwingereza, John Curwen, ili watu wasio na kinanda wala fedha za kununua vitabu vya muziki waweze kujifunza kuimba sauti nne. Wamisionari walizileta Afrika, na kwaya zetu zinaendelea kuzitumia hadi leo. Mwalimu wa Sale anayeandika solfa ubaoni kwa chaki anafanya kazi ileile aliyoifanya Sontonga.

Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumwekea mikono Mchungaji Mboweni, Mmethodisti wa kabila la Watsonga. Kwa hiyo wimbo wetu wa taifa ulitoka kwanza darasani ukaingia kanisani, kabla haujapata bendera ya kuusindikiza.

Kifo cha mwalimu

Mwalimu Sontonga hakuishi maisha marefu. Aliugua tumbo, na tarehe 18 Aprili 1905 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka kama 32. Ni mwaka uleule ambao huku kwetu vita vya Maji Maji vilianza. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg.

Hapa tunawaomba msikilize kwa makini. Mwalimu huyu alikuwa ameandika nyimbo zake katika daftari la shule, kwa nia ya kuzichapa siku moja. Alipofariki, daftari lilibaki kwa mjane wake. Walimu wa kwaya waliozipenda nyimbo zile wakawa wanakuja kuziazima. Kila mmoja alikuwa na nia njema. Hakuna aliyekuja kuiba. Lakini daftari lilizunguka kutoka mkono huu hadi mkono ule, mpaka mwisho likapotea, na halijaonekana tena. Inasimuliwa pia kwamba mjane aliuza haki za wimbo ule mkuu kwa peni sita, yaani nusu shilingi ya wakati ule. Wazee wetu wangesema sumuni. Mama huyo alifariki mwaka 1929.

Fikirini, wapendwa. Mtu aliyetunga wimbo unaoimbwa na mataifa alitunga nyimbo nyingine nyingi, na hizo hatuwezi kuziimba. Hazikufa kwa sababu zilikuwa mbaya. Zilikuwa zimeandikwa mahali pamoja tu.

Jinsi wimbo mmoja ulivyopona

Kwa nini basi huu mmoja ulipona? Ulipona kwa sababu watu kadhaa, mmoja baada ya mwingine, waliubeba.

Wa kwanza alikuwa Mchungaji John Dube, mwanzilishi wa shule ya Ohlange huko Natal. Kwaya ya shule yake iliuimba katika matamasha ya Johannesburg, watu wakaupenda. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika walipokutana Bloemfontein kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, mkutano ulifungwa kwa sala na wimbo huu ukaimbwa. Dube mwenyewe ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama hicho.

Wa pili alikuwa Sol Plaatje, mwandishi na katibu mkuu wa kwanza wa chama hicho. Mwaka 1923, akiwa London, aliurekodi wimbo huo katika sahani ya santuri, huku binti mmoja wa ukoo wa Colenso akimpigia piano. Mwaka 1925 chama kikaufanya kuwa wimbo wake rasmi.

Wa tatu alikuwa mshairi Samuel Mqhayi, ambaye mwaka 1927 aliuongezea beti 7 za Kixhosa. Matbaa ya Lovedale, chuo kilekile alikosoma Sontonga, ikauchapa katika kijitabu. Tangu siku hiyo wimbo haukuwa tena mali ya kumbukumbu za watu wachache.

Kutoka hapo ulisafiri na kwaya za shule na za makanisa kuelekea kaskazini. Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, tuni hii ilikuwa ndiyo wimbo wetu wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili: Mungu ibariki Afrika. Ubeti wa kwanza unaliombea bara zima, na wa pili unaiombea nchi yetu. Zambia iliichukua tuni hiyo mwaka 1964, ikatunga maneno mapya mwaka 1973, lakini tuni haikuiacha. Zimbabwe iliutumia wimbo huo tangu mwaka 1980 hadi 1994. Namibia iliutumia kwa muda ilipopata uhuru mwaka 1990. Afrika Kusini yenyewe, ambako watu waliuimba kwa miaka mingi chini ya ubaguzi wa rangi, iliupokea rasmi mwaka 1994, na mwaka 1997 ukaunganishwa na wimbo wa zamani wa nchi hiyo kuwa wimbo mmoja wa taifa.

Marafiki zetu wa Ufini watafurahi kusikia, kama hawajui, kwamba tuni ya Mwalimu Sontonga imo hata katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kilutheri la nchi yao. Sisi tumezoea kupokea tuni kutoka Ulaya. Kumbe na yetu imekwenda huko, na watu wanaiimba katika baridi na theluji.

Kaburi lisilojulikana

Wimbo ulisafiri, lakini mtunzi alisahauliwa. Kwa miaka karibu 90 hakuna aliyejua kaburi lake liko wapi. Baada ya mwaka 1994 Serikali ya Rais Nelson Mandela iliagiza litafutwe. Watafutaji walifungua vitabu vya makaburi ya Braamfontein wakitafuta jina la Sontonga, hawakulipata. Baadaye ikagundulika kwamba karani wa mwaka 1905 alikuwa amemwandika kwa jina la Enoch tu, bila jina la ukoo, kama walivyozoea kuwaandika Waafrika siku zile.

Tarehe 24 Septemba 1996 kaburi lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Rais Mandela akazindua mnara juu yake. Mwalimu Sontonga alitunukiwa nishani ya heshima, akiwa ameshalala kaburini kwa miaka 91.

Ni jambo jema lililofanyika. Hata hivyo mnara haukuweza kulirudisha daftari.

Daftari letu

Sasa tuje kwetu. Haya tuliyoyasema kuhusu Nancefield yametokea pia katika dayosisi hii, na sisi wa ofisi ya miradi tumo ndani ya habari hiyo.

Katika usharika mmoja wa upande huu kulikuwa na mwalimu wa kwaya aliyeongoza kwaya kwa zaidi ya miaka 20. Alitunga nyimbo kwa Kiswahili na kwa lugha ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi. Wengi wenu mmeziimba kwenye misiba, harusi na sikukuu ya mavuno. Alikuja ofisini kwetu mara mbili. Mara ya kwanza aliomba madaftari makubwa na fedha ya kutoa nakala za nyimbo zake ili azigawe kwa kwaya za mitaa. Tulimjibu kwamba hakuna kifungu. Mara ya pili aliomba nauli ya kwenda kumfundisha kijana mmoja kuandika solfa. Tulimjibu kwamba muziki si mradi wa maendeleo, na kwamba wafadhili wetu wanataka maji, afya na elimu.

Tulisema hivyo kwa mdomo wetu wenyewe. Hakuna mfadhili aliyetutuma kusema. Hatukuwa tumemwuliza hata mmoja.

Mwalimu yule alifariki. Miezi michache baadaye tulitaka nyimbo zake ziimbwe katika mkutano, tukamwendea mjane wake kuomba daftari. Mama akatuambia kwa upole, "Wanangu, mmechelewa. Liliazimwa na kwaya ya jirani wiki ya msiba." Tukaenda kwa kwaya ile, wakatuambia walilipeleka kwa wengine. Tukaenda kwa hao wengine. Mpaka leo halijapatikana.

Jina lake hatulitaji gazetini mpaka tumalize mazungumzo na familia. Lakini ninyi mnamjua, na wengine mlikuwa waimbaji wake.

Tuliporudi ofisini siku ile tulifungua bajeti ya mwaka uliotangulia. Tukaona tumetumia kwa chai ya vikao fedha ambayo ingetosha kutoa nakala za daftari lile mara nyingi. Hatuwaelezi haya ili mtuhurumie. Tunawaeleza kwa sababu tunawaomba ninyi mbadilike, na haitakuwa haki kuwaomba kabla ya kusema tulipokosea wenyewe.

Wimbo ulioandikwa na wimbo usioandikwa

Labda mtu atauliza: je, nyimbo za vijijini kwetu zina thamani ya kuandikwa? Tunajibu kwa mfano mmoja. Mwaka 1966 kijana mmoja kutoka Buhaya, Bernard Kyamanywa, aliyesoma theolojia Makumira na kuwa mchungaji, aliandika wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini Haleluya, kwa tuni yenye ladha ya kwao. Huko Makumira alikuwako mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyekuwa na tabia ya kukusanya nyimbo zenye tuni za Kiafrika, kuziandika kwa nota na kuzichapa. Wimbo wa Kyamanywa ukachapwa. Mwaka 1969 ulipata maneno ya Kijerumani, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, namba 116. Wajukuu wa wale waliotuletea tuni za Kijerumani wanaadhimisha Pasaka kwa tuni ya Tanzania.

Tunaamini Buhaya hakukuwa na mtunzi mmoja tu mwaka 1966. Lakini wimbo huu ulipata mtu wa kuuandika na mahali pa kuutunza.

Ninyi wa Sale mnaelewa jambo hili kuliko sisi wa mjini. Mashamba yenu yanaishi kwa mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka kwenye chemchemi. Kila msimu wazee hugawa maji kwa utaratibu, na watu hutoka kwenda kuzibua mifereji. Hakuna anayesema, "Babu alikwisha kuchimba, inatosha." Mfereji usiposafishwa msimu mmoja, msimu unaofuata shamba la chini halipati maji. Nyimbo za marehemu mwalimu wetu zilikuwa na chemchemi nzuri. Sisi hatukuzibua mfereji.

Mambo tunayoyaomba

Kwa hiyo tunapendekeza kwa kamati za sharika mambo manne. Tunaomba myajadili leo mchana, mkubali, mkatae au mrekebishe.

Kwanza, kila usharika uwe na daftari la nyimbo ambalo ni mali ya usharika, si mali ya mtu. Likae kwa katibu pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa, na nakala yake ikae ofisi ya dayosisi. Anayetaka wimbo apewe nakala. Daftari lenyewe lisiazimwe, hata kwa mtu mwema.

Pili, kila wimbo uandikwe pamoja na jina kamili la mtunzi, jina la ukoo likiwemo, mahali na mwaka. Tumeona jinsi jina la Enoch peke yake lilivyomficha mtu kwa miaka 90. Kama hakuna anayejua solfa, wimbo urekodiwe kwa simu, na kabla ya kuimba msemaji ataje jina la mtunzi. Nota zitaandikwa baadaye.

Tatu, kila kwaya iwe na wanafunzi wawili wanaojifunza solfa kwa mwalimu aliyepo sasa. Tunaomba mmoja wao awe binti, kwa kuwa sauti za juu katika kwaya zetu zinabebwa na akina mama lakini waandishi wa nota karibu wote ni wanaume.

Nne, haki za mtunzi na familia yake ziheshimiwe. Sheria ya Hakimiliki ya nchi yetu ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwaya ikirekodi wimbo wa mtu na kuuza, mtunzi au mjane wake ana haki ya kuambiwa na kupata sehemu yake. Ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa kazi hiyo, na sisi tutasaidia kujaza fomu. Tusimwache mama mwingine auze kwa sumuni.

Kwa upande wetu, ofisi ya miradi itaweka katika mapendekezo ya bajeti ijayo kifungu cha madaftari, nakala na nauli za walimu wa solfa. Kifungu hicho kitaandikwa waziwazi kwa jina lake. Hatutakificha ndani ya semina.

Kwa marafiki wanaotusaidia

Tunajua taarifa hii itasomwa pia na ninyi mnaotuunga mkono kutoka mbali. Mnatuuliza kila robo mwaka kuhusu visima, zahanati na madarasa, na ni haki yenu kuuliza. Hatuombi maji yapunguzwe ili kwaya iongezwe. Mama anayebeba ndoo kilomita nyingi hawezi kuambiwa asubiri wimbo.

Tunaomba tu mjue kwamba katika vijiji hivi mwalimu wa kwaya ndiye anayewakusanya vijana mara mbili kwa wiki bila posho. Mkutano wa hadhara wa kisima ukiitishwa, kwaya ndiyo inayoleta watu. Elimu ya chanjo, ya ukimwi, ya kupeleka mtoto wa kike shuleni, imefika katika nyumba nyingi kwa njia ya wimbo kabla ya kufika kwa karatasi. Kwa miaka mingi tumetumia kazi ya watu hawa katika kila mradi, na katika hesabu zetu hatukuwahi kuwaandika. Kosa hilo ni letu, na mwaka huu tutaanza kulirekebisha.

Kwa kumalizia

Ndugu zangu, hatujui ni nani kati ya walimu walioketi hapa ana wimbo utakaoimbwa baada ya miaka 100. Mwalimu Sontonga naye hakujua. Alikuwa akiwafundisha watoto wa shule wimbo wa wiki ile. Kujua si kazi yetu. Kazi yetu ni kuandika na kutunza.

Tumekuja na madaftari 12 makubwa yenye majalada magumu, na kalamu. Baada ya chakula, kabla ya kujadili mapendekezo, tutaanza kazi hapahapa. Waimbaji wanne wa kwaya ya marehemu mwalimu wetu wamo humu ndani. Wametuambia wanakumbuka nyimbo zake saba kwa ukamilifu, na nyingine kwa vipande. Wataimba polepole, sauti baada ya sauti. Mwenzetu aliyesema asubuhi kwamba mtunzi wa wimbo wa taifa alijua kupanga sauti amekubali kuandika nota, na vijana wawili wataketi karibu naye wakitazama mkono wake.

Ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi kwa ajili ya jina la mtunzi. Mjane wake yupo, ameketi kule nyuma karibu na mlango. Tutamwomba alitaje yeye mwenyewe, lote, nasi tutaliandika kama atakavyolitamka.